Baiskeli ya changarawe milimani: dalili za hitilafu, sababu zake na namna ya kuzitatua

Matatizo yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo waendeshaji wa Nairobi wa baiskeli za changarawe (zenye usukani uliopinda na tairi pana kwa njia za udongo na mawe) huyaeleza mara kwa mara wanaporudi kutoka msitu wa Karura, milima ya Ngong, njia za mashamba ya chai ya Tigoni na Limuru, au msitu wa Kereita upande wa Kimende. Njia hizi tunazipenda kwa sababu hazina magari: hakuna matatu ya kukubana ukingoni wala lori la kukufukizia moshi. Hata hivyo, njia isiyo na magari haina pia gari la kukubeba unapokwama, na mara nyingi haina fundi kwa kilomita nyingi. Kwa hiyo hitilafu ambayo mjini ingekuwa usumbufu wa dakika kumi, kule hugeuka kuwa saa tatu za kukokota baiskeli huku jua likizama.

Jambo la pili la kukumbuka ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Limuru iko juu ya mita 2,200, na kilele cha Ngong kinafika mita 2,460, hivi kwamba safari yoyote ya kuelekea magharibi ina mpando mrefu na mteremko mrefu ndani ya siku moja. Mpando huchosha cheni na gia, na mteremko huchosha breki na tairi. Hitilafu nyingi zinazojitokeza kwenye mteremko zilikwisha kuonyesha dalili wakati wa kupanda, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba pale juu kileleni, kabla ya kuanza kushuka, mwendeshaji ashuke kwenye kiti na kuikagua baiskeli kwa mikono yake.

Katika kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana na kumalizia na ile ya nadra. Nachukulia kwamba umebeba tyubu mbili, pampu, vijiti viwili vya kutolea tairi, funguo za pembe sita, kikata cheni, kiungo cha cheni cha akiba, vibana vichache vya plastiki, na simu yenye chaji.

Tairi linaisha upepo polepole

Lalamiko hili ndilo linaloongoza, na kisababishi chake kikuu ni mwiba. Karura na Tigoni hazina miiba mingi, lakini ukishuka mgongo wa Ngong kuelekea Kona Baridi na Kisamis unaingia nchi ya migunga, na penye vumbi jepesi pembeni mwa vijia hutambaa mbigili. Kabla ya kung'oa tairi, lizungushe taratibu ukilitazama kwa karibu, kisha utie alama mahali penye mwiba ukipima kutoka kwenye valvu, ili ukiitoa tyubu ujue tundu liko wapi bila kuhitaji karai la maji.

Ukishatoa tyubu, chukua kipande cha pamba na ukipitishe ndani ya tairi kuzunguka lote, kwa sababu pamba hunasa pale ambapo kidole hakihisi kitu. Mwiba wa mgunga unapovunjika huacha ncha nyembamba yenye rangi ya mfupa katikati ya raba. Ukilitazama tairi kwa nje huioni, lakini ukilikunja ndani nje, ncha ile hujitokeza kiasi cha nusu milimita tu. Hatua hii ndiyo inayorukwa na watu wenye haraka, na ndiyo inayoeleza kwa nini tyubu ya pili hufa kabla ya kumaliza kilomita moja.

Usipoona mwiba, kagua valvu. Ipake mate mdomoni mwake. Mapovu yakitokea, kaza kiini cha valvu kwa vidole au kwa koleo ndogo. Kwa wale wanaotumia tairi zisizo na tyubu, sababu ya kawaida zaidi ni majimaji ya kuziba yaliyokauka. Litikise gurudumu karibu na sikio: usiposikia kitu kikicheza ndani, majimaji yamekwisha. Katika ukavu na joto letu hudumu takribani miezi 2 hadi 4, ingawa vibandiko vya chupa huahidi muda mrefu zaidi, na tairi la upana wa milimita 40 huhitaji kama mililita 60. Sababu ya mwisho ni utepe wa ndani ya rimu uliosogea na kuacha mashimo ya spoki wazi. Huo haurekebishiki vizuri njiani, kwa hiyo weka tyubu na uendelee nyumbani kwa upole.

Tairi linaisha upepo ghafla

Ukikuta tyubu ina matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka, upepo ulikuwa mdogo na rimu imeibana tyubu juu ya jiwe. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 40, psi 35 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) ni kiwango kizuri cha kuanzia akitumia tyubu, na psi 28 hadi 32 akiwa hana tyubu. Kwenye mawe ya Ngong ongeza kidogo, na kwenye udongo laini wa Karura punguza kidogo. Watu wengi hulishindilia tairi upepo mpaka likawa gumu kama la baiskeli ya lami wakidhani wanajikinga, ilhali tairi gumu hurukaruka juu ya changarawe na kupoteza mshiko hasa pale breki zinapohitajika.

Kama ubavu wa tairi umechanika, tyubu mpya itachomoza kwenye mpasuko na kupasuka. Weka kwa ndani kipande cha tairi kuukuu, au pakiti ya maziwa iliyokunjwa mara nne, kisha ujaze upepo kidogo kidogo ukiangalia kama panavimba.

Simama kabisa endapo waya wa ukingo wa tairi umekatika, tairi limevimba kama jipu, au rimu ina ufa kwenye tundu la spoki. Hizo tatu hazina dawa ya njiani, na kushuka nazo mlima ni kujitafutia kaburi.

Breki zinalia, hazishiki, au mshiko wake wa kuvuta kwa vidole unazama mpaka kwenye usukani

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo watu huumia. Fikiria mteremko wa mita 500 kwa mtu ambaye pamoja na baiskeli na mizigo ana kilo 85. Nishati anayoipoteza katika kushuka huko ni takribani kilojuli 400, kiasi ambacho kingeweza kuchemsha lita nzima ya maji ya bomba. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo, lakini anayeshuka taratibu huku ameshika breki muda wote huielekeza karibu yote kwenye diski mbili nyembamba au kwenye rimu zake.

Breki zikilia lakini zinashika, mara nyingi ni maji au vumbi tu, na mlio utakwisha baada ya kushika mara chache. Mlio ukiendelea na nguvu ya breki ikapungua, shuku mafuta kwenye diski. Hili limeenea sana kwetu kwa sababu ya desturi ya kupaka cheni oili chafu ya gari, au ya kupulizia mafuta ya kopo huku gurudumu likizunguka. Tone moja likirukia diski, pedi hulinyonya na halitoki tena kwa urahisi. Safisha diski kwa spiriti na kitambaa safi ambacho hakijagusa cheni. Ziko spiriti za duka la dawa zenye mafuta ya kulainisha ngozi, kwa hiyo dondoshea kwanza tone kwenye kioo na uliache likauke: likiacha utando, usiitumie. Pedi zilizonyonya mafuta kidogo zinaweza kusuguliwa kwa msasa; zilizolowa zitupwe.

Sababu inayofuata ni pedi kung'aa kama kioo baada ya kupashwa joto kupita kiasi. Zitoe na uzitazame juani. Uso ukiwa na mng'ao, usugue kwa msasa mpaka uwe wa kufifia, zirudishe, kisha kwenye njia tambarare ushike breki mara 20 hivi kutoka mwendo wa wastani bila kufunga gurudumu. Hapo hapo upime unene: nyenzo ya pedi ikibaki nusu milimita, muda wake umekwisha. Matope mekundu ya msimu wa masika husaga pedi kama msasa, na pedi mpya inaweza kuisha katika safari chache tu za mvua. Kwa breki za rimu, angalia mstari wa uchakavu kwenye raba, na uchomoe vijiwe vilivyozama humo kwa ncha ya bisibisi.

Iwapo breki ni za kebo na mshiko unafika usukanini, kebo imelegea au pedi zimeisha. Zungusha kirekebishaji kilicho kwenye mshiko kinyume cha saa mpaka breki ikamate mapema. Ukiona nyuzi za kebo zimeanza kukatika penye kichwa chake, usiende mlimani siku hiyo.

Breki za mafuta zina visa vyake. Mtu huifungasha baiskeli kwenye buti ya gari, magurudumu yakiwa yametolewa, anaendesha mpaka mji wa Ngong, na akifika anakuta gurudumu haliingii kwa sababu begi liliubana mshiko na pistoni zikasogeleana. Zirudishe nyuma kwa kijiti cha plastiki cha kutolea tairi, kamwe si kwa bisibisi, na siku nyingine weka kadi ngumu kati ya pedi. Kisa kingine ni baiskeli iliyosafirishwa kichwa chini: mshiko huwa laini kama sifongo kwa sababu hewa iliyokuwa juu ya tangi dogo imehamia kwenye mrija. Isimamishe, ushike breki mara kadhaa, uiache dakika chache. Mshiko ukikaza tena, sawa. Ukibaki laini, au ukiwa unakaza tu baada ya kupampu mara tatu nne, kuna hewa ndani ya mfumo na lazima itolewe na fundi mwenye vifaa. Mwambie ni breki za kampuni gani, kwani baadhi hutumia mafuta ya madini na nyingine hutumia mafuta ya DOT (aina ya mafuta ya breki kama yale ya magari), na kuchanganya hayo mawili huharibu mipira ya ndani.

Breki ikififia ukiwa katikati ya mteremko, yaani unashika kwa nguvu ile ile lakini mwendo haupungui, joto limezidi. Tumia zote mbili kusimama mapema iwezekanavyo, uegeshe, usiiguse diski kwa kidole, wala usiimwagie maji, maana chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi hupinda. Subiri robo saa. Ukiendelea, shika breki kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha uiachie kabisa ipoe.

Simama na umwite fundi, au utembee kwa miguu, pale mafuta yanapovuja kwenye mshiko au kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), diski inapokuwa na ufa au imekonda kupita alama iliyoandikwa juu yake (nyingi huandikwa milimita 1.5), au breki ya mbele inapokuwa imekufa. Kushuka Ngong kwa breki ya nyuma peke yake si ujasiri. Gurudumu la nyuma hupoteza uzito kwenye mteremko na huburuzika badala ya kukusimamisha.

Cheni inaruka na gia hazitulii

Anza na uchafu. Ondoa majani na udongo kwenye kaseti (rundo la gia za gurudumu la nyuma) na kwenye vigurudumu viwili vya dereila ya nyuma (kifaa kinachohamisha cheni kati ya gia), futa cheni, paka mafuta mepesi, kisha ujaribu tena. Karibu nusu ya wanaolalamika huishia hapa.

Tatizo likibaki, ni mkazo wa kebo. Cheni ikisita kupanda kwenye gia kubwa, zungusha kirekebishaji cha kebo robo mzunguko kinyume cha saa. Ikisita kushuka kwenye gia ndogo, zungusha robo kufuata saa. Robo moja, jaribu, robo nyingine. Kebo mpya hulegea ndani ya safari mbili tatu za mwanzo, na hilo ni jambo la kawaida.

Cheni ikiruka hasa unapokanyaga kwa nguvu kwenye mpando, pima uchakavu. Chukua rula yenye inchi, uiweke sifuri katikati ya pini moja, na uangalie pini iliyo kwenye inchi 12. Ikiwa pini hiyo imepita alama kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni imenyumbuka kiasi cha asilimia nusu na inafaa kubadilishwa. Ukichelewa, meno ya kaseti huchongoka kama mapezi ya papa, na cheni mpya itaendelea kuruka juu yake mpaka ununue kaseti pia, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya cheni.

Kisha kuna kining'inizio cha dereila, kipande kidogo cha aluminiamu kilichotengenezwa kipinde ili fremu isivunjike. Simama nyuma ya baiskeli na uangalie: vigurudumu viwili vya dereila vinapaswa kuwa wima chini ya meno ya kaseti. Vikielekea ndani, kining'inizio kimepinda, pengine kwa kuangushwa ubavuni wakati wa kupakiwa. Hatari yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu ukiingiza gia nyepesi kuliko zote, dereila hunaswa na spoki na gurudumu lote huharibika kwa mzunguko mmoja. Usijaribu kukinyoosha kwa koleo njiani. Acha kutumia gia mbili nyepesi, kokota kwenye mpando mkali, na ukifika mjini fundi akinyooshe kwa kifaa chake au anunue kingine cha modeli ile ile.

Cheni imekatika

Pini iliyofungwa vibaya ndiyo sababu ya kwanza, na kubadili gia huku umekandamiza pedali kwa uzito wote ndiyo ya pili. Ondoa pingili iliyoharibika kwa kikata cheni na uunganishe kwa kiungo cha akiba kinacholingana na idadi ya gia za kaseti yako. Cheni ikiwa imefupishwa, usitumie gia kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, kwani itang'oa dereila.

Magurudumu yamesimamishwa na matope

Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, udongo mwekundu wa Kiambu na Limuru hugeuka kuwa ulimbo. Hujikusanya kati ya tairi na fremu, na mwendeshaji akiendelea kukanyaga, mchanga uliomo hukwangua rangi, na kwenye fremu za nyuzi za kaboni hula mpaka kwenye nyuzi zenyewe. Shuka, kwangua kwa kijiti, na uibebe begani mpaka penye nyasi. Kabla ya msimu hakikisha kuna nafasi ya angalau milimita 6 kila upande wa tairi. Isipokuwepo, weka tairi jembamba zaidi.

Kosa kubwa hufanyika baada ya safari. Njiani kurudi kuna vituo vingi vya kuoshea magari, na ni rahisi kusimama na kuomba baiskeli ipigwe maji kwa mashine ya presha. Maji yale husukuma mchanga ndani ya beringi za magurudumu, za usukani na za kati penye pedali, na baada ya wiki chache mwenye baiskeli anashangaa kwa nini kila kitu kinasaga. Ndoo, brashi laini na sabuni vinatosha. Kausha, kisha upake cheni mafuta siku hiyo hiyo.

Kuna mlio wa kukatika-katika unapokanyaga

Mlio hutembea kwenye mirija ya fremu na kumpotosha msikilizaji, kwa hiyo utafute kwa kuondoa, si kwa kukisia. Kanyaga ukiwa umesimama: mlio ukikoma, uko kwenye kiti au nguzo yake, na unahitaji tu kutolewa, kufutwa na kupakwa grisi (kwa nguzo ya kaboni, paka pasta maalumu ya kaboni badala ya grisi). Mlio ukibaki, kaza ekseli za magurudumu, kisha pedali, ukikumbuka kwamba pedali ya kushoto hukazwa kinyume cha saa. Halafu kaza mikono ya pedali. Beringi za kati huwa za mwisho katika orodha hii, ingawa ndizo wanazolaumu watu kwanza.

Siku moja kwenye mgongo wa Ngong, karibu na mitambo ile ya upepo, nilisikia diski ya mbele ikikwaruza mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu. Nilidhani imepinda kidogo, nikaendelea karibu nusu kilomita kabla ya kusimama kwa ajili ya maji. Nilipolishika gurudumu lilicheza mkononi: ekseli ilikuwa imejifungua zaidi ya nusu, kwa kuwa usiku uliotangulia nililirudisha gurudumu kwa haraka na kukaza kwa vidole tu. Mbele yangu kulikuwa na mteremko wa mawe. Tangu hapo sauti yoyote mpya, hata ndogo kiasi gani, naiheshimu kwa kusimama palepale.

Ukikuta ufa kwenye fremu, kwenye uma wa mbele au kwenye shina la usukani (kipande kinachoushika usukani), safari imekwisha. Futa vumbi na upitishe ukucha: mkwaruzo wa rangi hauunasi ukucha, ufa huunasa. Kwa kaboni, gonga taratibu kwa sarafu. Mahali palipoumia hutoa sauti butu. Usipeleke fremu ya aluminiamu kwa mchomeleaji wa milango na mageti, hata kama ni hodari katika kazi yake, kwani joto la kuchomelea hudhoofisha aluminiamu ya pembeni, nayo hukatika tena bila onyo. Fremu za chuma zinaweza kuungwa, lakini na mtu aliyezoea mirija myembamba.

Baiskeli inatetemeka kwenye mteremko

Mtetemo ukikupata ukiwa mwendoni, bana mrija wa juu wa fremu kwa magoti, legeza mabega na vidole, inua uzito kidogo kutoka kwenye kiti, kisha upunguze mwendo kwa upole. Kuung'ang'ania usukani huongeza mtetemo.

Ukishasimama, kagua kwanza mizigo: begi zito lililofungwa mbele ya usukani ndilo kisababishi cha mara kwa mara. Pili, beringi za usukani. Shika breki ya mbele, weka vidole pale uma unapokutana na fremu, na uitikise baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mchezo, legeza bolti mbili za pembeni za shina, kaza ile ya juu kidogo kidogo mpaka mchezo uishe huku usukani ukigeuka bila kusita, kisha ukaze za pembeni kwa nyutoni-mita 5, au kiwango kilichochapwa kwenye shina. Tatu, finya spoki mbili mbili: zilizolegea utazijua mara moja. Kukaza spoki ni kazi ya fundi mwenye jicho na subira, kwani ukikaza moja bila kupima nyingine unalipinda gurudumu.

Mwili nao unalalamika

Maumivu mbele ya goti mara nyingi husema kiti kiko chini mno. Nyuma ya goti, kiko juu mno. Weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Badilisha kwa milimita 5 tu kwa safari moja. Mikono kufa ganzi hutokana na kuegemea usukani kwenye mtikisiko wa muda mrefu. Punguza upepo wa tairi la mbele kidogo, badilisha mahali pa kushika, na uangalie kwamba kiti hakijainama mbele. Ganzi ikikaa siku mbili au zaidi, muone daktari.

Kizunguzungu, mikono kutetemeka na jasho baridi kwenye mpando ni njaa mpaka ithibitike vinginevyo. Kula ndizi au kunywa soda, ukae kivulini dakika 20. Mgeni aliyetoka Mombasa jana asipelekwe Kereita leo. Hewa ya mita 2,500 ina mgandamizo wa karibu robo tatu tu ya ule wa pwani, na atahema kuliko alivyozoea. Wanaoshuka bondeni upande wa Magadi hukutana na kinyume chake: joto linaloongezeka kwa kila kilomita huku upepo wa mwendo ukificha jasho. Mtu aliyeacha kutoa jasho, anayeongea maneno yasiyoshikana, au anayetapika, amezidiwa na joto na anahitaji hospitali. Mpoze kwa maji na kivuli huku msaada ukiitwa kwa 999 au 112.

Maumivu ya kifua, au kupumua kwa shida kusikotulia baada ya mapumziko, hakuna uchunguzi wa njiani. Acheni baiskeli, ombeni usafiri.

Baada ya kuanguka, mtu aliyegonga kichwa haruhusiwi kuendelea hata akisema yuko sawa. Muulize tarehe, mahali alipo na alikopita asubuhi. Akisita, akilalamika kichwa kuuma zaidi na zaidi, akisinzia au akitapika, apelekwe hospitali mara moja. Akiwa na maumivu ya shingo au ganzi miguuni, msimwinue wala msimgeuze; mmoja abaki naye akiwa amemfunika kwa koti, na wawili waende pamoja mpaka penye mtandao wa simu, wakiwa wameandika jina la lango la karibu la msitu, kwa sababu dereva wa ambulensi atauliza hilo kabla ya jambo lingine lolote.